Mimi si "abdul"

Nshachoka kuambiwa "si ni folda tu". Ukiwasha laptopu mpya ya Windows ukaingia kwa imeili yako, ile folda yako ndani ya C:\Users inapewa herufi tano za mwanzo za hiyo imeili. Tano basi. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mimi ni Abdulrahman. Folda yangu inasema abdul, yaani "mja wa", halafu kimya. Mja wa nani? Hapa Ndia Kuu Abdulhalim ni abdul, Abdulkarim ni abdul, na Mwanaisha, Mwanakombo na Mwanajuma wote ni mwana. Nusu ya Mji wa Kale imekuwa watu wawili! Chuoni nilikuwa nambari ya usajili mpaka nikaacha, sikutoka huko nije kukatwa jina na mashine.

Ati "badilisha kwa settings." Nilibadilisha. Jina la kuingilia likageuka, folda ikabaki ileile. Barabara yetu Wazungu waliibandika Vasco da Gama Street, na wenyewe wakaendelea kusema Ndia Kuu. Kule kibao kilikuwa cha mgeni na jina la ndani letu. Kwa laptopu ni kinyume: kibao changu, ndani jina la mwenyewe sijui nani.

Na nyinyi mnaosema "ingia na akaunti nyingine, ibadilishe tu hiyo folda", muogopeni Mungu. Nilifanya hivyo bila kugusa ProfileImagePath kwenye rejista. Nikaingia, skrini tupu, video za mwezi mzima hazionekani. Wallahi moyo ulisimama. Zilikuwepo, ila Windows ilizitafuta kwa anwani ya zamani. Kosa langu, sikatai. Lakini hata ukirekebisha rejista, kuna programu zimeshika njia ile ya zamani na zitakusumbua.

Kwa hivyo acheni kufanyia upasuaji akaunti iliyojaa kazi. Fungua akaunti mpya ya ndani, isiyofungwa na imeili, andika jina lako lote kabla ya kuingia mara ya kwanza, manake folda inazaliwa hapo. Kisha hamisha vitu vyako polepole. Inachosha, najua. Kubadilisha jina la folda kungekuwa kazi ya dakika moja kama waliotengeneza wangejali.

Jana nimemfungulia dadangu mdogo ya kwake. Folda inasema mwanaisha, herufi zote tisa.