MAONI YA SOKO: Leseni ya tajiri haimkingi dereva

Msimu wa mavuno unapofika, magari ya nyanya, vitunguu na mahindi hutoka Kalenga na vijiji jirani kwenda Iringa mjini, na mengine huendelea na barabara kuu hadi Dar es Salaam au Tunduma. Yanakwenda na mali, yanarudi na fedha. Ni safari hiyo ya kurudi inayowafanya baadhi ya wafanyabiashara kuweka bastola ndani ya gari.

Hatuna ugomvi na mwenye leseni. Ugomvi wetu ni na mazoea ya kudhani kwamba tajiri akishakata leseni ya bastola, basi gari lake zima nalo limepata leseni.

Huko Marekani hubishana sana juu ya kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Sheria yao ya shirikisho ya 1986 humlinda msafiri anayevuka majimbo na silaha anayoimiliki kihalali, mradi haina risasi ndani na haifikiki kutoka alipoketi. Hapa kwetu msingi ni mwingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka raia awe na leseni kwanza. Leseni hiyo hutolewa kwa mtu na kwa silaha yake. Kuifungia bastola kwenye dashibodi hakumpi haki mtu asiyekuwa nayo.

Tuchukue mfano. Tajiri anabaki Dar es Salaam kusubiri malipo. Fuso linarudi na dereva na utingo, bastola imesahaulika chini ya kiti. Kwenye kizuizi askari anaiona. Leseni iko mfukoni mwa tajiri, mamia ya kilomita nyuma. Atakayelala mahabusu ni dereva, gari litashikiliwa, na nyanya zilizokuwa zikilisubiri shambani zitaoza. Hiyo ni hasara ambayo haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Tena barabara hiyo hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako silaha ni jambo la kibali. Na kwa waendao Zambia, leseni ya Tanzania haivuki mpaka wa Tunduma kwa sababu tu gari limevuka.

Ushauri wetu ni huu. Mwenye silaha asafiri nayo mwenyewe, leseni hai ikiwa mkononi. Akishuka garini, ashuke nayo. Asimkabidhi dereva, hata awe mdogo wake wa tumbo moja. Kabla ya safari ndefu aulize kituo cha polisi, asiulize kijiweni.

Lakini lililo bora zaidi ni kupunguza fedha taslimu garini. M-Pesa iko nchini tangu 2008, na benki zipo mjini. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kulipa kabla gari halijawashwa. Jambazi hana la kuvizia kwenye gari lililobeba matenga matupu.

Kalenga inaijua bunduki. Zile zilizotekwa Lugalo mwaka 1891 hazikuizuia ngome ya Mkwawa isianguke mwaka 1894. Mfanyabiashara naye asidhani bastola chini ya kiti ndiyo ngome yake.