Tukuyu Stars ianze na ganda la Ikuti

Mtu wa Ikuti akikuuliza Tukuyu Stars itarudi lini Ligi Kuu, usimcheke. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1986. Bingwa, siyo mshindi wa pili. Simba ilikuwepo, Yanga ilikuwepo, na kombe likapanda mlima kwenda Rungwe, kwenye migomba na chai. Kijana wa leo ukimsimulia anadhani unamletea hadithi za babu.

Jibu ninalolisikia siku hizi ni jepesi mno. Apatikane tajiri, anunue timu ambayo tayari iko Ligi Kuu, abadilishe jina, kazi imekwisha. Mimi silikubali. Na sababu yangu naitoa mahali ambapo ukurasa huu haufiki mara kwa mara, kwenye risasi za wawindaji. Nivumilieni, mpira utarudi.

Kuna watu duniani, hasa Marekani, ambao hawaridhiki na risasi za dukani. Wanabuni za kwao. Risasi za namna hiyo wanaziita paka mwitu, kwa sababu hazina kiwanda kinachozitambua. (Hapa kwetu usijaribu. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina utani na mtengeneza risasi asiye na kibali.) Ila hata hao wabunifu hawaanzi na hewa. Shaba ya ganda haifuliwi sebuleni. Wanachukua ganda ambalo tayari lipo, wanalibana shingo, wanalitanua au wanalikata. Ganda hilo la mwanzo ndilo mama. Kila kitakachofuata, kizuri na kibaya, kitatoka kwa mama huyo.

Mama maarufu kwa Afrika ni .375 ya Holland & Holland wa London, iliyotoka mwaka 1912. Wawindaji wetu wanaijua kama kipimo cha chini cha kumkabili nyati au tembo. Ganda lake ni refu, milimita 72 hivi, na ndani lina nafasi ya kutosha. Urefu huo ulikuwa na maana. Baruti ya zama zile ilipandisha mgandamizo ikipata joto, na joto la porini Afrika mnalijua. Ganda lenye nafasi lilipunguza mgandamizo, likatoka kwenye bunduki bila kung'ang'ania. Mbele ya nyati, ganda lililokwama ni kaburi.

Mwaka 1956 Winchester wa Marekani wakaja na .458. Walikuwa na haraka ya kibiashara. Walitaka risasi ya tembo itakayoingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, ya bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Wakachukua umbo la mama .375, wakalifupisha mpaka milimita 63 na ushei. Kichwa kizito cha gramu 32, na ahadi ya kasi ya mita 650 kwa sekunde.

Kwenye karatasi ilipendeza. Porini ilikuwa shida. Ganda fupi halikuwa na nafasi ya baruti ya kutosha, ikabidi ishindiliwe. Baruti iliyoshindiliwa ikikaa inaganda kama sukari kwenye unyevu. Risasi nyingine zikatoka zimechoka, chini ya mita 610. Bunduki ilikuwa nzima, mpigaji alikuwa hodari. Tatizo lilikuwa kule chini, kwenye zile milimita tisa walizokata.

Mwindaji mmoja Mmarekani, Jack Lott, alijeruhiwa vibaya na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458. Alipopona hakutafuta baruti kali zaidi. Alirudi kwa mama. Mwaka 1971 akatengeneza .458 Lott kwa ganda la .375, safari hii likiwa refu, karibu milimita 71. Kichwa kilekile, upana uleule, nafasi imerudi. Ilianza kama paka mwitu, baadaye viwanda vikubwa vikaikubali. Na kuna kitu kinanifurahisha: bunduki ya Lott inaweza kufyatua risasi fupi ya Winchester. Ya Winchester haiwezi kumeza ya Lott. Mrefu anaweza kuinama, mfupi hawezi kujivuta.

Sasa turudi mpirani. Timu inayosajili wachezaji 25 mwezi wa saba ili icheze mwezi wa nane, hiyo ni .458 ya 1956. Imekatwa ili iingie kwenye msimu. Majina makubwa yamo, pesa zimo, kocha anashindilia mazoezi mara mbili kwa siku. Ikifika mzunguko wa pili, baruti imeganda. Halafu tunamfukuza kocha.

Tena kuna suala la kitako. Mbunifu wa risasi kabla hajatazama nguvu anatazama kitako cha ganda, kwa sababu bolti ya bunduki lazima ikishike. Ganda liwe zuri namna gani, kitako kisipolingana na bolti, una chuma cha kupigia picha tu. Kitako cha timu ni watu wake. Waulizeni wenzetu wa Mbarali. Ihefu ilikuwa timu yao. Ni hiyo iliyoisimamisha Yanga Novemba 2022, mabao 2-1, baada ya Wananchi kwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2024 timu ikawa Singida Black Stars, makao Singida. Singida wana haki ya kufurahi, sina ugomvi nao. Ila shabiki wa Ubaruku amebaki na jezi ambayo haina timu. Tajiri anayenunua timu ya mbali na kuipachika jina la Tukuyu anafanya biashara ileile, na siku akichoka atauza kwa njia ileile.

La mwisho ndilo wabunifu wa risasi wanalisisitiza kuliko yote: chagua mama ambaye magnda yake utayapata kesho. .416 ya Rigby, ya mwaka 1911, ni risasi safi kabisa, lakini Kynoch wa Uingereza walipoacha kuzitengeneza, wenye bunduki hizo walibaki na urithi usiosema. Wenye .30-06 ya mwaka 1906 hawajawahi kulia njaa, maana maganda yake yamejaa kila mahali. Ndiyo maana ina watoto wengi. Mmoja wao, .25-06, alicheza ndondo kwa miongo kadhaa kama paka mwitu mpaka Remington walipompa mkataba mwaka 1969.

Rungwe magnda yapo wapi? Yapo Ikuti. Yapo kwenye kila kata yenye shule ya sekondari na uwanja wenye mteremko. Mtoto anayecheza mpira kwenye mwinuko ule, kwenye matope yale, mapafu yake tayari yana nafasi ambayo hainunuliwi dirisha dogo. Mbeya City walipopanda mwaka 2013 na kumaliza wa tatu msimu wao wa kwanza, mkoa mzima uliona kwamba nyanda hizi zinaweza kulisha Ligi Kuu.

Njia hii ni ndefu, najua. Ligi ya wilaya, ya mkoa, First League, Championship. Miaka minne au mitano kama mambo yataenda vizuri, na hayaendi vizuri kila mara. Anayetaka kutajirika kwa mpira msimu ujao aende kwingine.

Anayeitaka Tukuyu Stars aanzie mashindano ya UMISSETA ngazi ya kata. Apande Ikuti na daftari, akae pembeni ya uwanja, aandike majina ya watoto wa miaka 15. Na avae viatu vya mvua, maana kule haichagui mwezi.