Karani Aliyeandika: Maoni juu ya Kumfundisha Shaaban Robert

Katika mazoezi ya kufundisha yanayofanyika katika shule za huku Tingi, wanachuo wengi humfundisha Shaaban Robert kwa namna moja. Huandika ubaoni kwamba alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, hufuatisha orodha ya vitabu, wanafunzi hunakili. Tarehe ni sahihi, lakini mtu mwenyewe hayumo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Shaaban Robert hakuishi kwa ushairi. Alikuwa karani wa serikali. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akatumika humo hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine. Utumishi wa Tanganyika siku hizo ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na mishahara ilifuata ngazi hizo. Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba mgawanyo huo uondolewe, karani wetu alikuwa amekwisha tumika miaka 28. Mwanafunzi asiyejua habari hii atalisoma shairi la “Rangi Zetu” kama maneno matamu tu. Anayeijua atatambua kuwa aliyetetea rangi kuwa pambo, wala si dosari, alikuwa mtu ambaye rangi yake ilikadiriwa kila mwisho wa mwezi.

Tena, wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyao, nao Wayao ni majirani zetu wa Tunduru, Msumbiji na Malawi. Yeye alijihesabu Mswahili. Je, aliikana asili yake? Mimi naona hakuikana. Hata hivyo, katika darasa lenye Wamatengo, Wanyasa, Wamanda na Wangoni, swali hilo ni la watoto kulijadili kabla mwalimu hajatoa neno lake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni siasa, si somo la Kiswahili. Sikubaliani nao. Ufahamu wa habari ni pamoja na kujua nani anasema, na anasema akiwa wapi.

Lakini mwalimu asiishie kwa wakoloni. Kuwalaumu wasiokuwapo ni kazi nyepesi mno. Shule nayo ni mahali pa kazi. Atazame orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani: nani huchota maji kila juma, na nani huwa kiranja? Mtoto mwenye ualbino, ambaye macho yake mara nyingi hayaoni mbali, ameketi mbele karibu na ubao, au amesukumwa nyuma ili asitazamwe? Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuihesabu orodha hiyo wenyewe, kwa vikundi, na kueleza walichokiona kwa Kiswahili fasaha.

Na katika chumba cha walimu, mwalimu mgeni aliyetoka mkoa wa mbali hukaa kimya huku wenzake wakipanga mambo ya shule kwa Kimatengo. Hakuna aliyemfukuza. Ila ratiba ikitoka, yeye ndiye hupewa vipindi vilivyobaki.