Usikabidhi seva kabla ya kuichomoa stima

Kijana, tuseme umepata dili safi. Shule moja kule Kitui imekulipa uiwekee seva ya karo na matokeo. Umeifunga ofisini kwa karani, ukaondoa skrini na kibodi, ukarudi zako Nairobi ukijua utaisimamia kupitia mtandao.

Usiku stima inapotea. Inarudi alfajiri, lakini seva hairudi. Unapanda matatu hadi Kitui, unachomeka skrini, na unachokutana nacho kinachekesha na kuudhi kwa pamoja: kibodi haipo, bonyeza F1 uendelee. Sasa ubonyeze na nini?

Msimamo wetu ni kwamba hiyo si bahati mbaya. Ni kazi uliyoiacha nusu.

Dawa yenyewe haikugharimu hata shilingi. Ingia kwenye BIOS, ile programu inayoamka kwanza mashine ikiwaka, uiambie isisimame kwa sababu ya kibodi kukosekana. Kisha tafuta kipengele ambacho mashine nyingi hukiita "Restore on AC Power Loss", ukiweke kwenye "Power On", ndiposa seva ijiwashe stima ikirudi. Kama unatumia Linux, hakikisha menyu ya GRUB haikai ikisubiri mtu achague. Nayo diski ya ziada iandikie "nofail" katika faili ya fstab, la sivyo siku itakapokosekana mfumo mzima utagoma kuwaka.

Hapo kuna mtego. Diski iliyofungwa kwa nywila itasubiri mtu aiandike. Usishawishike kuondoa ulinzi huo ili kujirahisishia maisha. Hizo ni rekodi za watoto wa watu, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Weka Dropbear kwenye hatua ya kwanza ya kuwaka, uifungue diski kwa SSH ukiwa mbali. Kweli, haitakuwa imejiwasha yenyewe kikamilifu, lakini heri kuandika nywila ukiwa kitandani kuliko kupanda matatu.

Utasema umeweka kila kitu sawa. Umejaribu? Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA ilibaki gizani kwa sababu jenereta ya akiba ilikataa kuwaka. Kuwa na akiba ni jambo moja, kujua inafanya kazi ni jambo lingine.

Kwa hivyo, kabla hujapokea salio lako, zima seva vizuri, kisha iwashe tena bila skrini wala kibodi. Ikishawaka, chomoa waya wa stima mbele ya mteja, ngoja dakika moja, urudishe. Usiguse kitu. Seva ikipatikana tena kwenye simu yako, chukua pesa zako uende. Isipopatikana, msee, bado uko kazini.