Kilichopita Kwenye Mizani

Mchumi Mwingereza Angus Maddison, aliyefariki mwaka 2010, alithubutu kukadiria pato la dunia tangu mwaka wa 1. Katika kitabu chake cha 2001, Mwafrika wa mwaka 1500 amepewa dola 400 kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya 1990. Mwafrika wa 1700 naye kapewa zile zile 400. Karne mbili, hakuna hata senti iliyoongezeka! Namba hiyo ni kima cha kumnusuru mtu na njaa, basi. Simlaumu Maddison, hakuficha kwamba anakisia. Wanaonikera ni wale wanaoichora kwenye mstari na kuuita historia yetu.

Kinachohesabiwa ni kile tu kilichopita kwenye mizani. Itazame Kiringye, hapa bondeni mwa Ruzizi. Enzi ya Wabelgiji pamba ililimwa kwa shuruti na ikapimwa kilo kwa kilo, kwa sababu kampuni ilikuwa inaisubiri. Muhogo uliomlisha mkulima huyo huyo ulikisiwa tu kutoka ofisini. Sukari ya Kiliba ilikuwa na vitabu vyake, hadi kiwanda kiliposimama mwaka 1996. Na mchele wa leo? Mama sokoni anaupima kwa mkebe wa maziwa ya unga wa Guigoz, anaujaza mpaka unafanya kilima juu, mnunuzi anamlilia nyongeza, na hakuna karani anayeandika. Dhahabu ya Kivu Kusini ndiyo kichekesho kabisa: huvuka mpaka kwa magendo, kisha huhesabiwa ng'ambo kama mali ya jirani. Hata idadi ya watu wa kugawanyiwa pato hilo ni ya kubuni, maana sensa ya mwisho Kongo ilikuwa ya 1984.

Kwa hiyo mstari ukiporomoka, hujui kama watu wameacha kula au wameacha kupimwa. Miaka ya 1990 hapa kwetu yalitokea yote mawili.

Wanahistoria wa uchumi Ewout Frankema na Marlous van Waijenburg walipita njia nyingine mwaka 2012. Waliuliza ujira wa kibarua wa mjini katika makoloni ya Waingereza Afrika, kati ya 1880 na 1965, ulitosha kununua nini. Wakakuta kwamba Afrika Magharibi uliuzidi ule wa miji ya Asia, angalau hadi miaka ya 1930. Mstari wa pato usingekuonyesha hilo.

Swali hilo Kiringye inaliweza. Siku moja ya jembe inalipwa kiasi gani, na inanunua Guigoz ngapi za mchele? Anayetunza daftari la duka, la chama au la parokia lenye bei za zamani, atuletee; tutalinakili na kumrudishia.