Sehemu ya 6: Ghorofa la familia sitini, karo moja na njia ya bajaji

Najua niliahidi leo tuendelee na chakula cha mtoto wa miezi sita. Hicho kitasubiri siku mbili tatu, maana wiki hii karibu kila ujumbe mnaonitumia ni wa lile bango.

Wasio wa huku kwetu Kinondoni niwaeleze. Mtaani kuna kiwanja kilichokuwa na nyumba moja na miembe miwili. Sasa kimewekwa bango, mwenyewe anataka kujenga ghorofa la familia sitini. Serikali ya mtaa imeitisha mkutano Jumamosi, na tayari wanaouliza habari za majitaka na foleni wanaitwa wapinga maendeleo.

Mimi sipingi ghorofa. Nimepanga, najua kodi inavyouma, na jiji hili haliwezi kuendelea kujenga nyumba za chini mpaka lifike Morogoro. Ninachotaka ni kwamba hesabu ya kinyesi ifanywe kabla ya hesabu ya kodi. Mnisamehe kwa neno hilo, mimi ni nesi.

Tuhesabu pamoja. Familia 60, weka watu wanne kila moja, hao ni watu 240. Kila mtu akitoa lita 80 za majitaka kwa siku, yaani kuoga, kufua, vyombo na choo, tunapata lita 19,200. Kila siku, hata sikukuu. Na kipande chetu hiki hakina bomba la majitaka, kila nyumba ina karo lake. Mwenye mradi anasema atachimba karo kubwa na shimo la kunyonyea. Sawa, kiangazi huenda ardhi ikanywa. Lakini masika, Machi mpaka Mei, ardhi ya huku inakuwa imeshashiba. Waliochimba msingi wanajua, unachimba kidogo tu umekutana na maji. Hapo linaitwa gari la majitaka. Gari la lita 10,000 litatakiwa kuja karibu mara mbili kwa siku.

Ndiyo maana nashangaa watu wanapojigawa, hawa wa hoja ya foleni, hawa wa hoja ya majitaka. Pasipo bomba, majitaka ndiyo foleni. Yale magari yatapita kwenye njia hii hii ambayo bajaji mbili zikikutana moja inabidi irudi nyuma, na watoto wa shule wanatembea ukingoni mwa mtaro kwa sababu pa kupita hapana. Ongezeni magari ya wapangaji, bodaboda za kuleta chakula, na kabla ya yote hayo malori ya mchanga na nondo kwa miaka ya ujenzi.

Na gari lisipokuja? Mnajua wenyewe. Mvua ikipiga usiku watu wanatapisha. Asubuhi maji yanaonekana ya kawaida, mtoto anakanyaga, mpira unadumbukia, anauokota, kisha mkono unaingia mdomoni. Mwenye kisima cha karibu naye anachota. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar, kikasambaa mikoani, kikavuka mpaka Zanzibar. Halafu msisubiri mpaka choo kiwe kama maji ya mchele ndipo mwogope. Kuhara kwingi tunakopokea si kipindupindu, na bado kunaua. Mtoto wa kilo tisa akiharisha na kutapika mfululizo, macho yakaingia ndani, akilia machozi hayatoki, huyo ni wa kukimbizwa kituoni huku mnampa ORS njiani.

Kumkimbiza sasa, kwa njia ipi? Hapa ndipo panaponinyima usingizi zaidi ya harufu. Sisi tunafundishwa kwamba mama mjamzito anakufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kule kwa tatu mtulaumu sisi, mna haki. Kule kwa kati ni barabara. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupotea ndani ya saa mbili, tena hapo alishakuwa kituoni, anahitaji tu gari la kumpeleka hospitali ya rufaa. Nimewahi kumpokea mama aliyemalizia safari yake ya kuja kujifungua kwa miguu, anasimama kila uchungu ukimbana, kwa sababu lori la kokoto lilikuwa limeziba njia. Alijifungua salama. Sitaki kuuita huo utaratibu.

Jumamosi, baba watoto wataongelea maegesho, waacheni waongee. Ninyi ulizeni karo lina ukubwa gani na litanyonywa kwa pesa za nani. Ulizeni bomba la DAWASA la karibu liko wapi na kama mwenye mradi atachangia kulivuta kabla wapangaji hawajaingia, maana wakishaingia hamna wa kumdai. Malori yasipite saa za shule, na hilo liandikwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza na wanaoguswa washirikishwe, kwa hiyo ulizeni kama mradi umefikishwa NEMC, na ripoti tuione.

Msidhani ni ya wasomi tu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishinda Jiji mahakamani kuhusu dampo. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani, na wa kule nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Likaishia Vingunguti. Sehemu hiyo ya mwisho hainipendezi hata kidogo, kwa sababu Vingunguti ndiko magari yetu ya majitaka yanakomwaga pia, kwenye mabwawa yaliyo jirani na nyumba za watu wenye watoto kama wa kwetu. Kwa hiyo tusidai ghorofa lihamishiwe kwa wengine. Tudai bomba, na kama bomba haliji, basi ghorofa lipunguzwe mpaka lilingane na karo.

Mkutano ni saa nne asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Nitakuwa nimetoka zamu ya usiku, mkiniona nasinzia mnisukume. Anayenyonyesha aje na mtoto wake. Mwenye picha za chemba zilizofurika masika yaliyopita azichapishe kwenye karatasi na kuandika tarehe nyuma, maana ya kwenye simu mtendaji ataiangalia, atasikitika, na haitaingia kwenye faili.