BWANA SHAMBA ANASEMA: Chambo cha Hasira

Mwezi huu siandiki juu ya mbolea. Naandika juu ya jambo nililoliona kijijini wakati wa palizi.

Kijana mmoja aliona video katika simu yake. Mtu asiyemjua alisema kuwa wakulima wa jembe la mkono ni wavivu, na wakifa njaa ni haki yao. Kijana akakasirika. Akawaonyesha wenzake, nao wakakasirika. Wakakaa chini ya mwembe wakiandika majibu. Bando likaisha, wakanunua jingine. Magugu yakabaki shambani.

Mimi pia niliandika jibu, tena refu. Mke wangu akauliza: "Baba watoto, huyo unayemjibu anakaa wapi?" Nikanyamaza.

Baadaye nilitazama video nyingine za mtu yule. Kabla yetu aliwatukana wafugaji. Kabla ya wafugaji, akina mama wauza mboga. Kumbe hakuwa na ugomvi na mkulima. Alikuwa anavua watu, na chambo chake ni hasira. Mwaka 2025 watunga kamusi wa Oxford, huko Uingereza, walichagua jina la mchezo huu kuwa neno la mwaka.

Faida iko wapi? Kampuni za mitandao hupata fedha kwa kuonyesha matangazo ya biashara. Mtu akikaa sana mtandaoni, huona matangazo mengi. Na mtu mwenye hasira hukaa. Hujibu, hurudi kutazama kama amejibiwa, huwapelekea jamaa zake. Kompyuta za kampuni huona video ina watu wengi, zinaipeleka kwa wengine zaidi. Kampuni nyingine humgawia mwenye video sehemu ya mapato. X ilianza kufanya hivyo mwaka 2023.

Facebook nayo, mwaka 2017, ilihesabu alama ya uso wa hasira mara 5 ya alama ya kupenda. Mwaka 2020 iliacha kuihesabu. Watu wengi walijua habari hiyo mwaka 2021, karatasi za ndani za kampuni zilipotolewa nje.

Lakini tusichanganye mambo. Mtu akionyesha mbegu mbovu zinazouzwa dukani, nasi tukakasirika, huyo ametusaidia. Hutaja duka, siku na aina ya mbegu. Yule wetu hakutaja hata kijiji kimoja.

Shamba la yule kijana lilipaliliwa wiki mbili baadaye. Mahindi yalikuwa yameshaanza kuwa manjano.